Mnaoweka emoji kwenye SMS za wakulima, hiyo hela nani anairudisha?

Wakuu, niko Mbeya hapa na nimekereka vibaya. Nimepewa mfumo wa kutuma SMS wa chama cha wakulima wa parachichi kule Rungwe niuangalie, kwa sababu salio la SMS linaisha kabla ya wakati. Mhasibu alishaanza kumshuku karani kwamba anauza SMS pembeni. Dada wa watu kidogo afukuzwe kazi.

Mwizi ni parachichi. Siwatanii. Fundi aliyetengeneza mfumo alitumia laibrari (kodi iliyoandikwa tayari) ya emoji ya lugha ya programu ya Python, ile unaandika :avocado: katikati ya maneno halafu amri yake ya emojize inaligeuza kuwa kipicha. Ukisoma kodi ya programu unaona herufi za kawaida tu, hushtuki. Sasa chukueni meseji yao yenyewe:

"Habari mkulima. Parachichi zitapokelewa Jumamosi saa 2 asubuhi kituo cha Tukuyu. Njoo na kitambulisho cha kikundi na kreti zako zikiwa safi. Asante."

Hesabuni. Ni herufi 148 pamoja na nafasi. SMS ya kawaida inabeba 160, kwa hiyo hapo unakatwa SMS 1. Bandika parachichi moja tu mwishoni: emoji haimo kwenye alfabeti ya GSM, yaani orodha ya herufi za SMS ya kawaida, hivyo meseji nzima, siyo hicho kipicha peke yake, inahamia UCS-2, mfumo wa herufi unaokula nafasi zaidi, na huko SMS moja mwisho wake ni herufi 70. Ikizidi inakatwa vipande vya 67, na parachichi lenyewe linakula nafasi 2. Tayari SMS 3! Kwa wakulima 600 zinakatwa 1,800, kila tangazo. Na wengi wao wana vitochi, wanachoona ni kiboksi kitupu.

Akaja fundi wa pili. Huyu akapandisha laibrari kwenda toleo la 2, ambalo limeshaondoa use_aliases, ile sehemu iliyoruhusu majina ya mkato kama :pray: (mikono ya kuomba), programu ikagoma. Badala ya kuweka mbadala wake, language='alias', akafuta tu kile kipande na kuondoka zake. Basi :pray: ikawaendea wakulima hivyo hivyo na nukta zake. Mzee mmoja wa Kiwira akapiga simu ofisini kwa hasira, anauliza hiyo ni namba ya siri au ndiyo anatapeliwa. Haya, mjibuni mzee wa watu.



Laibrari siilaumu. Ndani yake kuna amri ya replace_emoji, mstari mmoja tu kabla ya kutuma, na kipicha kinaondoka. Nimeuweka. Nimeongeza na kizuizi cha herufi yoyote iliyo nje ya GSM, maana hata zile alama za kunukuu zilizopinda, mtu akinakili kutoka Word, zinakata salio vilevile. Emoji zenu pelekeni WhatsApp na kwenye tovuti, huko hazimgharimu mkulima.

Mwenye kumjua mtoa huduma wa bulk SMS (SMS za watu wengi kwa mpigo) anayeonyesha idadi ya vipande KABLA ya kukata hela, aweke hapa. Wa kuja na "mkuu, si emoji tu jamani" apite kushoto.