Ahadi za kuwahudumia wazee majumbani: nyinyi mnazifuatiliaje?

BintiMlezi

Wadau, habari zenu. Nina swali, na naomba anayejua anisaidie, maana mwenyewe nimekwama.

Mama yangu ana miaka 81. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Mkono umejikunja kiasi kwamba kila asubuhi namfungua vidole kimoja kimoja nimsafishe kiganja, la sivyo kucha zinamchubua. Kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe, asipate vidonda vya kulala. Hiyo ndiyo kazi ambayo kwenye hotuba wanaiita "huduma ya nyumbani".

Miaka mitatu iliyopita serikali yetu iliahidi kuwa kila mzee asiyejiweza atapata mhudumu nyumbani kwake kila siku. Nilikuwa namkata mama kucha, redio iko wazi. Niliacha mkasi nikaandika maneno yale kwenye daftari, pamoja na tarehe. Tangu hapo kila tangazo naliandika. Daftari limejaa mabilioni, mpango mkakati, awamu ya pili.

Nyuma ya daftari hilohilo naandika mhudumu anaingia saa ngapi na anatoka saa ngapi. Wiki iliyopita alikuja mara tatu. Alhamisi alikaa dakika 20. Ni dada mwema, ananyanyua mama kwa upole kuliko mimi, lakini ana nyumba nyingi za kuzunguka na nauli anajilipia. Yeye simlaumu hata kidogo.

Shida ni kwamba mbele ya daftari na nyuma ya daftari hakukutani. Wizara ikisema ahadi "imetekelezwa kwa kiasi kikubwa", mimi nashika wapi? Nifuatilie fedha, idadi ya wazee, au nini hasa?

Mkaguzi Mstaafu

Pole kwa kuuguza, mwanangu. Nimekagua hesabu za umma nusu ya umri wangu, kwa hiyo nitakueleza upande ninaoujua.

Usihesabu kilichotangazwa. Fedha hutangazwa, halafu bunge huidhinisha, halafu hazina hutoa, halafu anayesimamia huduma hutumia. Kila hatua kuna kinachodondoka njiani. Waandishi wengi huripoti hatua ya kwanza na kuishia hapo. Tafuta kasma yenyewe, yaani fungu la fedha la kazi hiyo, kwenye kitabu cha bajeti, kisha subiri ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu uone matumizi halisi. Ripoti hiyo huchelewa, lakini ndiyo yenye ukweli.

Tena angalia ahadi imegawanywa kwa miaka mingapi. Mwaka 2017 serikali ya shirikisho ya Canada ilitenga dola bilioni 6 kwa huduma za nyumbani, kiasi kikubwa ukikisikia mara moja. Zilikuwa za miaka 10, na za kugawana majimbo yote.

La pili, na hili ninalisisitiza: tarehe ya mwanzo usiifute kamwe. Ikiahirishwa, andika mpya pembeni, ya zamani ibaki. Tazama England. Mwaka 2011 tume ilipendekeza kuwe na kikomo cha gharama za matunzo anazolipa mtu maishani, pamoja na matunzo ya nyumbani. Sheria ikapita 2014. Ikaahirishwa, ikaachwa. Septemba 2021 ikarudi upya: kikomo pauni 86,000, kuanza Oktoba 2023. Ikasogezwa hadi Oktoba 2025. Julai 2024 ikafutwa. Anayesoma gazeti la siku moja anaona "marekebisho ya ratiba". Aliyezipanga tarehe zote kwenye mstari mmoja anaona miaka 13 bila mzee hata mmoja kufaidika.

Muuguzi wa Majumbani

Dada, hongera kwa hilo daftari. Mzee wetu hapo juu amesema vizuri kuhusu fedha, ila mimi ningeanzia nyuma ya daftari lako, kwenye saa.

Takwimu wanazopenda kutoa ni za wazee "walioandikishwa" au "walioidhinishiwa". Kuidhinishwa si kuhudumiwa. Nimekutana na wazee wenye barua ya kuidhinishwa imekunjwa chini ya mto, na hakuna aliyewahi kugonga mlango wao.

Na foleni ziko mbili. Kuna ya kusubiri kutathminiwa, kisha ya kusubiri huduma yenyewe. Ukipunguza watathmini, foleni ya pili inafupika kwenye karatasi huku wazee wamekwama kwenye ya kwanza. Australia walibishana sana juu ya jambo hili. Tume ya Kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, iliyotoa ripoti Machi 2021 ilitaka foleni ya huduma za nyumbani imalizwe kabla ya 2021 kwisha, na baada ya hapo mzee asisubiri zaidi ya mwezi mmoja tangu atathminiwe. Serikali ikaahidi vifurushi vipya 80,000 vya huduma za nyumbani, kimoja kwa mzee mmoja, kwa miaka miwili. Mpaka 2025 baraza la seneti lilikuwa bado linaibana serikali kuhusu foleni hiyohiyo. Ona jinsi pendekezo lile lilivyoandikwa, lakini: lina tarehe na lina kipimo. Ndiyo maana waliweza kubanwa.

Wewe omba kwa maandishi mambo mawili tu: saa zilizotolewa kwa kila mzee kwa wiki, na siku kutoka maombi hadi mhudumu kufika mara ya kwanza.

Mhudumu Miaka 9

Ongezeni na mshahara wetu. Ahadi ya saa bila ahadi ya wafanyakazi haina miguu. Mimi nalipwa dakika nilizo ndani ya nyumba, za njiani hazihesabiwi. Wenzangu wanne wameacha mwaka huu. Wazee wao wamegawiwa sisi tuliobaki, ndiyo hizo dakika 20 za dada.

BintiMlezi

Asanteni sana, wote. Nimekaa na daftari usiku kucha na nimeona kitu kilichonipita. Tangazo la kwanza linasema "kila siku". La mwaka wa pili linasema "mara kwa mara". La mwaka huu, "kulingana na mahitaji". Nimeyaandika yote matatu mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kushtuka. Kumbe ahadi imetekelezwa kwa kufupishwa.

Nimechora jedwali jipya: maneno ya ahadi, tarehe ya mwanzo, tarehe mpya, fedha zilizotumika, saa zilizofika. Safu ya mwisho naijaza kutoka nyuma ya daftari. Mhudumu Miaka 9, nitaongeza safu yenu, na nitamuuliza dada yetu kama ataniruhusu kuandika dakika zake za njiani.

Barua ya kuomba takwimu nimeianza. Acha nikamgeuze mama kwanza, saa mbili zimetimia. Nikirudi nitaiweka hapa mnisahihishie.