Seymour au Leech: ni chapa ipi ya mvuvi wa starehe inayostahili fremu moja?

Mshipi_Mrefu
Waungwana, ukutani kwangu imebaki nafasi ya fremu moja tu, nami nimekwama kati ya chapa mbili (yaani picha zilizochapwa) za vichekesho za Uingereza zinazomcheka mtu anayevua samaki kwa kujifurahisha. Moja ni ya Robert Seymour, kutoka mfululizo wake wa chapa za jiwe (picha zilizochorwa juu ya jiwe ndipo zikachapwa) za miaka ya 1834 hadi 1836. Nyingine ni ya John Leech, iliyotoka katika jarida la vichekesho la Punch. Ningependa kusikia kutoka kwa wale waliozitazama kwa makini.

Bint_Kalamu
Mimi namchagua Seymour bila kusita. Aliwacheka watu wa London wa hali ya kati, waliojinunulia vifaa vyote vya uvuvi isipokuwa ujuzi, na maneno aliyoyaandika chini ya picha yanafuata matamshi yao ya mtaani, hivi kwamba kicheko kimoja kinatoka kwenye mchoro na cha pili kwenye tahajia. Tena ni yeye aliyependekeza hadithi ya klabu ya wawindaji na wavuvi wasiojua kazi, ambayo Charles Dickens aliajiriwa mwaka 1836 kuiandikia maneno na akaishia kuigeuza ikawa yake, yaani riwaya ya The Pickwick Papers. Seymour alijiua Aprili mwaka huohuo, lakini jalada alilolichora bado linamwonyesha Bwana Pickwick, mhusika mkuu, amesinzia ndani ya mashua bapa, ufito wa kuvulia ukiwa mbele yake.

Babu_Ndoana
Dada Bint_Kalamu, historia hiyo ni ya kusikitisha na ni ya kweli, ila swali lilikuwa ni la ukutani. Kicheko cha Seymour kina dharau ndani yake: karani anachekwa kwa sababu amethubutu kuiga starehe za mabwana. Leech anamcheka Bwana Briggs, mhusika wake wa kuchekesha, kama mtu anavyomcheka shemeji yake. Itazame ile picha ambayo Briggs, kwa msaada wa mwanawe mdogo, amefanikiwa kumtoa majini samaki aina ya pike, yule mwenye mdomo mrefu na meno makali, kisha samaki mwenyewe anamrukia na, kwa maelezo ya Briggs, anabweka kama mbwa! Aliyewahi kuvuta mshipi akatamani samaki arudi alikotoka ataielewa bila kufasiriwa.

Wino_Mkavu
Naomba kuongeza mshindani wa tatu, Theodore Lane, aliyefariki mwaka 1828. Alichora kwa rangi za mafuta mzee mwenye jongo, mguu umefungwa bandeji, ambaye kwa kuwa hawezi kufika mtoni anavua chumbani mwake, ndani ya chombo cha maji. Picha hiyo baadaye ilichongwa na kuchapwa. Kwangu mimi huyo anawashinda wote, kwa sababu hakuna ajali wala kuanguka majini. Kuna ugonjwa wa kupenda mshipi tu.

Bint_Kalamu
Hilo nakubali, ingawa Lane ni mmoja na Seymour ana picha tele.

Fundi_Fremu
Kabla hujalipa, ndugu Mshipi_Mrefu, geuza karatasi. Michoro ya Leech ilichongwa kwenye mbao ili ichapwe pamoja na herufi za jarida, kwa hiyo ukurasa uliokatwa kwenye Punch mara nyingi una maandishi nyuma, na karatasi ikiwa nyembamba herufi hizo huonekana angani mwa picha. Weka karatasi nyeusi isiyo na asidi nyuma yake. Kwa Seymour hatari ni nyingine: michoro yake ilichapwa upya baada ya kifo chake, basi muulize muuzaji ni toleo lipi, wala usilipe bei ya chapa ya kwanza kwa toleo la baadaye.

Mshipi_Mrefu
Nawashukuru. Nimegeuza karatasi ya Leech kama nilivyoagizwa, na kweli kuna safu mbili za maandishi zinazopita katikati ya mbingu ya Bwana Briggs. Nitamchukua hivyohivyo, kwa ajili ya samaki anayebweka. Mzee wa jongo nitamtafutia ukuta mwingine.