Jaribio kwa kompyuta: kompyuta 24, wanafunzi 48, simu haziruhusiwi. Nitumie nini?

Mwl_Baiolojia
Habari za kazi walimu. Nataka kuanza kutoa majaribio mafupi ya Baiolojia, kidato cha pili, kwa kompyuta. Maabara ina kompyuta 24 za mezani, darasa lina wanafunzi 48, na simu hawaruhusiwi kuja nazo shuleni. Intaneti ni bando la laini moja. Wengi hawana barua pepe. Naona programu za maswali kama Google Forms, Kahoot na nyingine nyingi. Ipi inafaa, na naiandaaje?

ChakiNaKipanya
Mwalimu, anza na Google Forms. Kahoot iache kwanza: kila anayejibu anahitaji kifaa chake, swali kwa kawaida linasomwa kwenye projekta, na anayebonyeza haraka anapata alama nyingi zaidi. Mwanafunzi ambaye bado anahangaika na kipanya ataonekana hajui Baiolojia.

Ukishafungua fomu, nenda kwenye mipangilio uigeuze iwe jaribio. Hapo hapo zima ukusanyaji wa barua pepe, na zima kile kipengele cha jibu moja kwa kila mtu, maana kinamlazimisha mwanafunzi aingie kwa akaunti ya Google ambayo hana.

Sasa jambo linalowaponza wengi. Bila barua pepe huwezi kuchagua alama zitolewe baadaye. Zinatoka papo hapo mtu akishatuma. Wewe una zamu mbili za watu 24, kwa hiyo zamu ya kwanza itatoka na majibu sahihi mdomoni. Zima vipengele vitatu: maswali yaliyokosewa, majibu sahihi, na alama za kila swali. Zamu ya pili ikimaliza, viwashe uwasahihishie kwenye projekta.

Jina wasiandike wenyewe. Utapata "juma", "JUMA M" na "Jma" kumbe ni mtu mmoja. Weka swali la orodha kunjuzi (dropdown): nakili safu nzima ya majina kutoka Excel, bandika kwenye nafasi ya chaguo la kwanza, na kila jina litakaa kwenye mstari wake. Swali hilo liwe peke yake katika sehemu ya kwanza, ili ukichanganya mpangilio wa maswali lisiende kujificha katikati.

Maswali yasizidi 10. Asiyeingia kwa akaunti hahifadhiwi chochote mpaka atume, hivyo umeme ukikatika au akipakia ukurasa upya anaanza upya. Intaneti ikikata kabla ya kutuma, aache ukurasa kama ulivyo, asubiri irudi, ndipo atume.

Ruta_na_Waya
Naongezea upande wa mtandao. Usitegemee hotspot ya simu kwa kompyuta 24. Simu nyingi zinaishia vifaa kama 10. Tafuta ruta ya laini. Kisha kwenye kila kompyuta ingia mipangilio ya Wi-Fi, uiweke kuwa muunganisho unaopimwa (metered connection), la sivyo Windows itaanza kupakua masasisho na bando litakwisha kabla ya swali la pili.

Kagua pia tarehe. Kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mama, CR2032, imekufa hurudi miaka ya nyuma kila inapozimwa. Brauza ikiona tarehe mbovu inakataa kufungua ukurasa, inadai muunganisho si salama, na watu wanailaumu intaneti bure. Rekebisha tarehe siku hiyo, betri badilisha baadaye.

Picha za michoro zipunguze kwa Paint hadi upana wa pikseli 800 kabla ya kupandisha.

Mwl_Baiolojia
Asanteni sana. Na siku ambazo maabara imechukuliwa na darasa lingine? Halafu maswali ya kujaza jibu, mashine inasahihisha vizuri?

MwalimuWaKadi
Siku hizo tumia programu ya Plickers. Simu moja tu inahitajika, yako. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye namba yake. Anaizungusha herufi ya jibu lake ikae juu, wewe unapitisha kamera ya simu na majibu yanasomwa. Seti ya kawaida ina kadi 40, kwa hiyo wewe chapisha ile kubwa ya kadi 63. Bandika kwenye boksi gumu, lakini usizipake plastiki inayong'aa: mwanga ukirudi, kamera haioni alama. Vidole visifunike sehemu nyeusi, na wasikae wakiwa wamelipa mgongo dirisha lenye jua kali.

Kujaza jibu, Forms inalinganisha maandishi na yale uliyoweka tu. Ukiweka "0.5" na mtu akaandika "1/2", amekosa, mpaka uorodheshe yote mawili. Ni salama zaidi kutumia maswali ya kuchagua, lakini majibu potofu yatoe kwenye makosa ya daftari zao. Ukiuliza mimea hupumua wakati gani, weka "usiku tu". Kisha fungua muhtasari wa majibu utazame ni wangapi wamelichagua. Wakiwa wengi, mada hiyo irudie kabla hujaendelea.

ChakiNaKipanya
Kabla ya jaribio lenyewe, wape fomu ya mazoezi ya maswali matatu yasiyo na alama: wachague jina, washuke chini ya ukurasa, watume. Wengine hujaza yote wakafunga dirisha bila kutuma.