Mfumo wa SACCOS unaganda kila tarehe za mishahara, nikiuwasha upya unapona. Koneksheni zinapotelea wapi?

Mtunza_Leja
Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaojua Python na databesi ya PostgreSQL.

Nimekabidhiwa mfumo wa SACCOS moja, aliyeuandika ameshahamia kwingine. Unapokea malipo ya simu na kuyaingiza kwenye salio za wanachama. Siku za kawaida hauna neno. Zikifika tarehe za mishahara unaanza kukataa malipo, na logi inajaa mstari huu:

`psycopg2.pool.PoolError: connection pool exhausted`

Nikiuwasha upya unatulia kwa saa kadhaa, halafu yale yale. Akiba ya koneksheni (pool, njia za kuingia databesi zinazoazimwa na kurudishwa) imewekewa kikomo cha 20. Nimefikiria kuipandisha hadi 100 nipate usingizi, ila nimeona niwasikie kwanza. Funksheni yenyewe hii:

```
def pokea(namba, kiasi):
    conn = pool.getconn()
    cur = conn.cursor()
    cur.execute("SELECT salio FROM wanachama WHERE namba = %s", (namba,))
    if cur.fetchone() is None:
        return "Mwanachama hayupo"
    cur.execute("UPDATE wanachama SET salio = salio + %s WHERE namba = %s",
                (kiasi, namba))
    conn.commit()
    pool.putconn(conn)
    return "Imepokelewa"
```

Naona `putconn` ipo pale chini, kwa hiyo koneksheni inarudishwa. Au kuna kitu sikioni?

Fundi_Nyoka
Hiyo 20 usiiguse kwanza. Nijibu hili: mwisho wa mwezi wanaokosea namba ya uanachama ni wengi?

Mtunza_Leja
Wengi sana mkuu. Wengine wanaweka namba ya simu. Lakini hao mfumo unawajibu vizuri tu kwamba hayupo, na fedha zao mhasibu anazishughulikia kwa mkono. Inahusianaje?

Fundi_Nyoka
Ni hao hao. Isome funksheni yako kwa macho ya aliyekosea namba. Koneksheni imechukuliwa, `SELECT` imefanyika, hakuna kitu, `return`. `putconn` haijafikiwa. Kila aliyekosea anaondoka na koneksheni moja. Zikiisha zote 20 kwenye prosesi hiyo (nakala moja ya mfumo inayoendeshwa), anayefuata hata akiwa na namba sahihi anakuta akiba tupu, na akiba ya psycopg2 (maktaba ya Python ya kuongea na PostgreSQL) haimsubirishi mtu, inarusha hitilafu papo hapo.

Na huo ni mlango mmoja tu. `UPDATE` ikigoma kwa sababu yoyote, hitilafu inaruka juu na kuipita `putconn` vilevile. Aliyeandika huu msimbo ni kama jirani anayeazima sufuria za shughuli na kuzirudisha pilau likiiva vizuri tu. Likiungua, sufuria huzioni tena.

Ukitaka ushahidi, siku mfumo ukiganda ingia `psql` (dirisha la amri la PostgreSQL):

```
SELECT pid, state, xact_start, query
FROM pg_stat_activity WHERE datname = 'saccos';
```

Utakuta foleni ya `idle in transaction` (koneksheni zilizolala katikati ya muamala), na swali la mwisho la kila moja ni ile `SELECT` yako.

Chapati404
Mbona Python inasafisha takataka yenyewe? Funksheni ikiisha, `conn` haina mwenyewe, inajifunga. Nina skripti kibao sijawahi kufunga kitu na zinakwenda.

MamaSeva
Chapati, zinakwenda kwa hisani ya CPython, ile Python ya kawaida. Yenyewe huhesabu marejeo, na hesabu ikifika sifuri kitu kinafutwa pale pale. PyPy, toleo jingine la Python, haina utaratibu huo. Na hapa hata CPython haikusaidii, maana akiba yenyewe bado inaishikilia koneksheni kwenye orodha ya zilizoazimwa. Sifuri haifiki.

Mtunza, tiba ya haraka ni `try` na `finally`. Kilichomo ndani ya `finally` kinatekelezwa iwe funksheni imetoka kwa `return`, kwa hitilafu, au imefika mwisho kwa amani. Ila uchukuaji ukae NJE ya `try`:

```
conn = pool.getconn()
try:
    ...
finally:
    pool.putconn(conn)
```

Wengi wanaiweka `getconn` ndani. Siku ikishindwa yenyewe, `finally` inakimbilia kurudisha `conn` ambayo haikupatikana, inazaliwa `UnboundLocalError` juu ya hitilafu halisi, na msomaji wa logi anaanza kumfukuza mwizi asiyehusika.

Pwani_Dev
Sasa hiyo `finally` ataiandika kwenye kila funksheni inayogusa databesi? Kuna `with`, ipo tangu Python 2.5 ya mwaka 2006. `with conn:` basi, imeisha hiyo.

MamaSeva
Haijaisha kaka. Huo ndio mtego wa psycopg2. Pale `with conn` inamaliza muamala tu: inauthibitisha mambo yakienda sawa, inaubatilisha yakiharibika. Koneksheni haiifungi wala haiirudishi kwenye akiba. Moduli ya `sqlite3` nayo ina tabia hiyo hiyo. Kwenye psycopg toleo la 3 ndipo walipobadilisha, kule `with` inafunga kabisa. Mtu aliyezoea `with open(...)` hawezi kushtuka, na ndiyo maana naichukia.

Pwani_Dev
Kumbe. Basi tuvae vyote viwili:

```
from contextlib import contextmanager

@contextmanager
def azima():
    conn = pool.getconn()
    try:
        with conn:
            yield conn
    finally:
        pool.putconn(conn)
```

Juu ya `yield` ni maandalizi, chini yake ni usafi, na kazi yenyewe inafanyika kwenye `yield`. Kila funksheni itaandika `with azima() as conn:` na kuachana na habari za `putconn`. Kisha tafuta `getconn` kwenye mradi mzima. Ibaki moja tu, hii ya ndani ya `azima`.

Mtunza_Leja
Nimejaribu kwenye seva ya majaribio, nikatuma malipo yenye namba za uongo mfululizo. Ikaganda vile vile alivyosema Fundi, `idle in transaction` zimejipanga. Nimeweka `azima`, nikarudia, inajibu tu bila kuchoka.

Mawili yamebaki. Kikomo nikiache au nikipandishe? Tuna vibarua 4 wa Gunicorn (seva inayouendesha mfumo). La pili, kuna skripti ya usiku ya taarifa: inafungua koneksheni, inafungua faili la CSV, na inaunda faili la kufuli ili isiendeshwe mara mbili kwa pamoja. Seva ikizimwa katikati, kesho yake faili la kufuli bado lipo na skripti inakataa kuanza.

Fundi_Nyoka
Kikomo: kila kibarua ni prosesi yake yenye akiba yake. 4 mara 20 ni 80. PostgreSQL ikisakinishwa bila kuguswa inaruhusu koneksheni 100, na 3 kati ya hizo zimetengewa msimamizi mkuu. Ungepandisha hadi 100, uvujaji ungeendelea hadi databesi yenyewe iseme `too many clients already`, na hapo hata mhasibu na ripoti zake angebaki nje. Kama vibarua wako ni wa aina ya `sync`, kila mmoja anahudumia ombi moja kwa wakati. Weka 5. Tena akiba ndogo ina faida yake, uvujaji unaonekana mapema ukiwa bado kwenye majaribio.

Weka pia `idle_in_transaction_session_timeout`, ipo tangu toleo la 9.6. Akitokea tena mtu wa kusahau, PostgreSQL yenyewe itaikata koneksheni iliyolala katikati ya muamala.

MamaSeva
Skripti ya usiku: kwa vitu kadhaa pamoja kuna `ExitStack` kwenye `contextlib`. Inafunga kinyumenyume, cha mwisho kufunguliwa kinatangulia kufungwa. Lakini haitoshi. systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) ikizima huduma inatuma SIGTERM, ishara ya kuiambia prosesi ijifunge, na Python isipoelekezwa vingine inakufa pale pale bila kupita kwenye `finally` yoyote. Weka hii juu kabisa:

`signal.signal(signal.SIGTERM, lambda *_: sys.exit(1))`

`sys.exit` inarusha `SystemExit`, kwa hiyo usafi wote unapitiwa. Ikija SIGKILL (ishara ya kuua isiyozuilika), au umeme ukikatika, hapo hakuna msimbo wako utakaotekelezwa hata ungeandika `finally` mia. Kwa hiyo achana na kufuli la kuangalia faili lipo au halipo. Tumia `fcntl.flock` juu ya faili hilo. Kufuli linakuwa mikononi mwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na prosesi ikifa kwa kifo chochote linaachiliwa. Faili lenyewe libaki tu hapo, halimdhuru mtu.

Mtunza_Leja
Dada, ikikuta kufuli limeshikwa itasubiri?

MamaSeva
Itasubiri. Ukitaka ikatae papo hapo, ipe `LOCK_EX | LOCK_NB` kisha ukamate `BlockingIOError`. Na faili ulipe jina, libaki hai mpaka skripti iishe. Ukiandika `flock(open(...), LOCK_EX)` kwa mstari mmoja, CPython inalifunga faili hapo hapo na kufuli linaondoka nalo. Chapati, ile hisani ya kujifunga yenyewe, hapa ndipo inapokugeuka.