Konda wa usiku ruti ya Mtumba: eti kibaka akinikaba ATANIACHIA BUKU!!!

Anti wa Ilazo (mleta uzi):

Wasimamizi, uzi huu msiuunganishe na ule wa nauli. Naandika bado nina viatu miguuni na mkoba begani. Nimeingia, nimetia komeo, nimekaa juu ya ndoo, nimeshika simu. Chakula baadaye.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa Kosta ya usiku hapa Dodoma, Mtumba–Sabasaba. Yule anayeita "viti vipooo" wakati mlangoni mtu kakanyaga mtu na huyo mtu kakanyaga kuku. Yule ambaye ukimdai mia mbili yako anakuangalia kana kwamba umemwomba figo. HUYO HUYO.

Sasa sikilizeni. Tunafunga mwaka wa fedha, ofisini tumetoka saa tatu kasoro usiku. Mji wa Serikali mnaujua: vioo na taa juu mpaka chini, ukivuka geti tu ni giza, upepo, na mchanga wa macho. Nikapata Kosta yake nikamshukuru Mungu (nimeshaomba nirudishiwe hiyo shukrani). Ihumwa wakapanda vijana wawili, sweta za kofia, kofia zimevutwa mpaka puani, wakaenda kiti cha nyuma, kimya. Hawaongei. Hawachezei simu. Jamani, kijana wa siku hizi asiyechezea simu ndani ya gari huyo ana jambo! Nikavua hereni nikazitia kwenye soksi. Simu nikaisweka mahali ambapo kibaka mwenye adabu hapekui.

Haya. Katikati ya Ihumwa na Nanenane, pale pasipo na nyumba wala nguzo ya taa, gari ikawekwa pembeni. Konda akagonga bodi: "Mwisho hapa, tunageuza." Mnageuza nini? Ruti imeandikwa kwenye gari kwa herufi kubwa kuliko jina langu kwenye cheti! Nikamwambia kwa upole kabisa, konda mdogo wangu, hapa mimi sishuki, hapa watu wanapigwa roba, wanakabwa shingo na kuibiwa, tufikisheni hata Nanenane kwenye taa.

Akanimulika na tochi ya simu. Akaanzia viatuni. Akapanda taratiiibu mpaka kwenye nywele (na nywele zangu wiki hii, mh). Halafu akasema, kwa ile sauti ya kuitia abiria:

"Sista, wewe nani akukabe? Kibaka akikukaba wewe ataingiwa na huruma, atakuachia buku la nauli."

BUKU. Elfu moja!

Gari zima likaangua kicheko. Mama mwenye kuku kacheka mpaka kuku nao wakaanza kelele. Dereva kazima injini ili acheke vizuri. Na waliocheka kuliko wote ni wale wa kofia, mmoja kajipiga paja akasema "buku nyingi hiyo mwanangu." Pale pale hofu yangu ikageuka. Siogopi tena kukabwa, naogopa kukabwa halafu wasichukue kitu!

Tukashushwa wote. Nimetembea gizani mpaka Nanenane nimemshika mkono mama wa kuku, yule yule aliyenicheka, na nyuma yetu wale vijana wanasema "msiogope anti, tupo nyuma yenu." Hiyo ni sentensi ya kumwambia mtu saa tatu na nusu usiku? TUPO NYUMA YENU?

Nimefika salama, bajaji imenila elfu tano. Lakini buku jamani. Angesema hata msimbazi, elfu kumi, ningenyamaza. Mtumishi wa serikali mwenye cheki namba anaachiwa BUKU?

Afungiwe. Sio wiki, sio mwezi. Afungiwe mpaka treni ya SGR ifike Mwanza.

Kiti cha Dirisha:

Pole sana dada. Nimesoma kwa uchungu mpaka nilipofika kwenye buku, hapo nimecheka nimemwamsha mtoto. Nisamehe.

Zege Halilali:

Picha ya mleta uzi tafadhali, wadau tujiridhishe kama tathmini ya konda ilikosewa.

Anti wa Ilazo:

@Zege Halilali shemeji yake konda umefika eeh.

Mla Uwele:

Hapo palipogeuzwa gari siyo pa mchezo. Mdogo wangu alipigwa roba ya mbao maeneo hayo mwaka jana, wakabeba simu, begi na viatu. VIATU. Kafika nyumbani na soksi moja.

Zege Halilali:

Soksi ya pili ndiyo walimwekea buku.

Mstaafu wa Mlangoni:

Wakuu, mimi nimening'inia kwenye mlango wa daladala ujana wangu wote, ngoja niwape ya ndani. Usiku ule dereva anawaza hesabu ya tajiri, ile pesa ya kumpelekea mwenye gari, hamuwazi dada yetu. Akienda mpaka Sabasaba na vichwa vinane, anarudi tupu, mafuta yake. Akigeuza njiani anawahi watu wa zamu na walinzi wanaotoka kule kule Mtumba, anajaza mara moja, hesabu imetimia, anaenda kulala. Ni kosa, leseni ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, inataja ruti inaanzia wapi na inaishia wapi, trafiki akimdaka anaandikiwa. Ndiyo maana hageuzii Nanenane kwenye taa. Anachagua giza makusudi kwa sababu trafiki naye hakai gizani. Kwa hiyo dada hukuonewa wewe binafsi, dereva alikuwa anakimbia faini.

Lile neno la buku silitetei. Ingawa lina ufundi.

Anti wa Ilazo:

UFUNDI??? Mzee na wewe ulikuwa unawaambia watu hivyo?

Mstaafu wa Mlangoni:

Enzi zetu ilikuwa mia tano. Maisha yamepanda.

Ushauri Bure:

Tuache utani. Usiku kaa siti ya karibu na dereva, usishuke peke yako, simu usiitoe barabarani, ukiona dalili mbaya piga 112.

Chura wa Hombolo:

112 unaipiga ukiwa tayari kwenye roba? Unamwambia kibaka legeza kidogo kaka, naongea na polisi?

Nywele za Kichaga:

Mnaocheka wengi ni wanaume, nimewaona. Mwanamke akiachwa gizani haogopi simu tu. Simu inanunuliwa nyingine. Sasa mtu anakuambia mbele ya gari zima "wewe nani akukabe", mnajua maana yake ya chini ni nini? Anakupima kama unafaa hata kudhuriwa. Mimi ningemrukia na hivyo viatu alivyovimulika.

Kiti cha Dirisha:

@Nywele za Kichaga umenikata kicheko katikati. Ni kweli.

Zege Halilali:

Mimi bado nacheka ila kwa heshima.

Mwana wa Mbeya:

Nyie wa Dodoma mnalia na roba? Roba unaamka nayo, shingo inauma kidogo, unaenda kazini. Sisi Mbeya tulipata wapiga nondo. Unashuka kwenye daladala salama, unamuaga konda, unasikia kitu kimetua kisogoni, unafungua macho wodini. Hakuna wa kukuambia tupo nyuma yenu.

Buguruni Kwa Mnyamani:

Mwaka 2022 Panya Road walivyotusumbua Dar ulikuwa wapi mkuu? Vitoto, mapanga, kundi zima. Tulikuwa tunashuka kwenye gari saa moja usiku mnakimbia mtaa mzima kama mmetumwa.

Mgebuka Mkavu:

Watoto wa mjini nyamazeni. Waulizeni watu wa Kigoma na Kagera habari za misitu ya Biharamulo na Kasulu miaka ile. Basi haliondoki mpaka mengine yafike, yapangwe msafara, polisi wenye bunduki wapande. Mkikuta gogo limelala katikati ya barabara, gari zima linanyamaza, hata watoto wachanga. Watu walivuliwa mpaka nguo, mzee wa watu anaingia stendi na shuka ya kuazima. Konda wetu alikuwa anaongoza sala kwanza, nauli baadaye. Halafu mtu anakuja kutufungulia uzi kwa sababu ya buku!

Anti wa Ilazo:

Mgebuka kwa hiyo mpaka nivuliwe nguo ndiyo nilalamike? Na askari wenu hawakuwacheka. Mimi nilichekwa na watuhumiwa wenyewe! Nilikuwa nawaogopa, wao wananionea huruma. Na ile tochi. Angenimulika usoni moja kwa moja ningeelewa, kwa nini aanzie viatuni?

Mla Uwele:

Alikuwa anatafuta cha kuiba akakosa, ndipo akatoa tamko.

Sauti ya Kimya:

Mnacheka, lakini wengine neno "shuka" kwenye gari linatuchoma. Septemba 2024 Ali Kibao, yule kada wa CHADEMA, alishushwa kwenye basi pale Dar akiwa safarini kwenda Tanga, watu wenye silaha, abiria wanaangalia. Mwili wake ukapatikana Ununio. Tangu siku ile mtu akiniambia shuka kabla ya kituo nashika chuma cha siti kwa mikono miwili.

Ushauri Bure:

Mkuu siasa zina jukwaa lake, hapa ni usafiri.

Sauti ya Kimya:

Alikuwa kwenye basi. Wewe unataka awe kwenye nini ndiyo iwe usafiri?

Chura wa Hombolo:

Hapa nimekaa kimya kwanza.

Reli Damu:

Ndiyo maana mimi ni SGR tu. Dar–Dodoma daraja la kawaida 31,000, kiti chako kina namba, hakuna wa kukugeuzia porini, hakuna kuku.

Zege Halilali:

Hakuna kuku ila kuna ngedere na bundi. 2024 treni ilipokosa umeme, TRC, shirika la reli wenyewe, waliwataja. Wewe unaogopa kibaka, treni inaogopa bundi.

Mstaafu wa Mlangoni:

Na SGR inakufikisha stesheni tu. Kutoka stesheni usiku mpaka Ilazo unapelekwa na nani? Na mwanafunzi wangu yule yule mwenye tochi.

Mwanachuo Njaa Kali:

Huku Ng'ong'ona hata buku lenyewe hatuna. Kibaka wa huku anajua tarehe ya boom, pesa yetu ya mkopo, kuliko wizara. Likitoka tu, njia zote wamekaa. Likichelewa, wanatusalimia vizuri kabisa, "wasomi mambo". Kuna mmoja alimpekua rafiki yangu akakuta kitambulisho na kipande cha muhogo, akamwambia soma kwa bidii.

Anti wa Ilazo:

Sasa huyo si afadhali alimpa moyo! Mimi nilipewa BUKU la kufikirika!

Kiti cha Dirisha:

Dada hebu tulia. Labda konda alikuwa anakutongoza.

Nywele za Kichaga:

Wanaume na akili zenu za usiku.

Mabasi ya Mikoani:

Mimi tatizo langu ni tangu Oktoba 2023 waliporuhusu mabasi kutembea saa 24, baada ya zuio la karibu miaka 30. Naishukuru ruhusa, biashara inaenda. Lakini natoka Mwanza, nafika Nanenane saa nane za usiku, stendi kubwa nzuri, taa zinawaka, ukitoka nje ya geti bodaboda kumi wanakuvuta mkoba, hujui yupi boda yupi mwingine. Nalala kwenye benchi mpaka kupambazuke, nimelalia begi, nimefunga mkanda wa begi mguuni. Mlinzi ananipita ananiangalia mimi ndiyo mwizi.

Mla Uwele:

Na Bunge likikaa ndiyo usiseme. Guest zinapanda, boda wanapanda, hata benchi lako litaanza kulipiwa.

Buguruni Kwa Mnyamani:

Usiku wa manane Dodoma mnapata wapi chakula? Nataka kujua, nakuja wiki ijayo.

Mla Uwele:

Chako ni Chako, kuku wa kuchoma. Lakini wahi.

Zege Halilali:

Akikosa kuku amtafute mama wa kwenye Kosta.

Dalali Mtakatifu:

Nje ya mada kidogo wakuu. Hapo hapo gari ilipogeuzia, kati ya Ihumwa na Nanenane, kuna kiwanja kizuri sana. Barabara ya mzunguko ile ya kilomita 112.3 imepita upande huo, bandari kavu ya Ihumwa jirani, Mji wa Serikali unaufikia hata kwa mguu.

Mstaafu wa Mlangoni:

Kwa mguu ndiyo, konda ameshatuonyesha.

Chura wa Hombolo:

Dalali akisema jirani, beba maji na mikate.

Kiti cha Dirisha:

Ukubwa gani mkuu? Na umeme?

Dalali Mtakatifu:

Ishirini kwa thelathini. Nguzo ya umeme inaonekana.

Mla Uwele:

Inaonekana ukiwa wapi?

Dalali Mtakatifu:

Ukisimama kwenye kona ya kiwanja. Siku isiyo na vumbi.

Mwana wa Mbeya:

Maji je? Dodoma mnanitisha kwa maji kuliko vibaka.

Dalali Mtakatifu:

Mabomba yanakuja. Jirani ana kisima, ni mtu wa Mungu.

Mgebuka Mkavu:

Bei?

Dalali Mtakatifu:

Maelewano. Njoo pembeni nikutumie ramani.

Nywele za Kichaga:

Uzi wa watu huu jamani, dada kaachwa gizani mnauziana viwanja juu yake.

Anti wa Ilazo:

Waache tu. @Dalali Mtakatifu kina hati?

Dalali Mtakatifu:

Hati ipo hatua za mwisho dada.