Mjadala: Mwanafunzi afundishwe kuandika hoja za kupinga mila za kwao?

Mleta mada

Wadau, nafundisha Kiswahili sekondari mkoani Mtwara. Msimamo wangu nautoa mapema: mwanafunzi wa kidato cha tatu apewe kazi ya kuandika insha ya kumshawishi mtu abadili jambo ambalo kijiji kizima kinaliona la kawaida.

Midahalo ya shule zetu ni ile ile miaka nenda rudi. Maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, mwalimu ni bora kuliko daktari. Makofi yanapigwa, kengele inalia, hakuna aliyeguswa. Na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine kisha achukue au akatae kulingana na mahitaji yake. Andiko hilo tunalisifu kila mwaka. Mtoto akidadisi kweli, tunasema ana kiburi.

Binti mmoja aliandika kupinga wasichana kutolewa shuleni kwenda unyagoni katikati ya muhula. Rasimu ya kwanza ilikuwa lawama tupu: ushamba, giza, wazee hawakusoma. Nikamrudishia. Nikamwambia akakae na kungwi, amsikilize mpaka aweze kuiandika hoja yake kama kungwi mwenyewe angeieleza. Akaja na aya nzito: kwamba pale kijijini hakuna mtu mwingine anayemketisha msichana na kumfundisha habari za hedhi na usafi bila kumwonea haya. Baada ya hapo ndipo akaomba mambo mawili tu, sherehe ifanyike likizo ya Desemba, na watoto wadogo wasichanganywe na waliokwisha kuvunja ungo. Insha hiyo angeweza kuisoma mbele ya kungwi bila kumvunjia heshima.

Hiyo aya ya upande wa pili ndiyo ninayoitafuta. Bila hiyo, tunafundisha kelele.

Tusisahau pia kwamba mazoea makubwa hapa kwetu yameshatikiswa kwa hoja zilizoandikwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, akafungua shauri, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Mchangiaji (mzazi)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa siko na wewe. Mtoto wa miaka 15 hajaijua mila, unamfundisha kuipinga. Wewe ukihamishwa unaondoka, mimi nabaki na mtoto anayenijibu. Halafu mbona mnaanzia majumbani kwetu? Waandike kwanza kuhusu viboko vya hapo shuleni, tuone kama mkuu wa shule ataipokea hiyo insha.

Mleta mada

Mzazi mwenzangu, hoja ya viboko naichukua kama ilivyo. Shule isiyokubali kuhojiwa haina uso wa kumtuma mtoto akaihoji familia yake. Kanuni ziko wazi: viboko visizidi vinne, mkuu wa shule ndiye mwenye mamlaka hayo, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Mwanafunzi akiziweka kanuni hizo kwenye insha na kuuliza kwa nini kila mwalimu anatembea na fimbo, tunapaswa kumjibu. Muhula ujao kazi ya kwanza itakuwa hiyo, nayo itapelekwa ofisini.

Ila hapo uliposema hajaijua mila, mimi naona kinyume. Yule binti amekaa na kungwi akamuuliza sababu, jambo ambalo wenzake waliochezwa na kurudi hawajawahi kulifanya. Sasa anaujua unyago kuliko wao.

Na kuhusu kukujibu: anayekujibu kwa hasira mlangoni na anayekuandikia barua, akianza na shikamoo na kuiweka hoja yako humo kabla ya yake, hao si mtoto mmoja. Naomba wazazi mlioko humu mseme: barua ya namna hiyo ikifika mkononi mwako, utaijibu?