Tupeane uzoefu: Ukitaka kutoka Göteborg kwa lifti, unasimama wapi?

Mkazi wa Bergsjön (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Nimeanzisha mada hii kwa ajili ya wenzetu wanaofika Göteborg kwa masomo au kazi na wanaotamani kuiona Uswidi na Norwei, lakini wakitazama bei ya tiketi ya treni ya Ijumaa jioni wanaahirisha safari. Kuomba lifti ni jambo la halali hapa, na madereva wanaosimama wapo. Kinachowaangusha wengi ni mahali wanapochagua kusimama. Mtu akisimama Korsvägen, katikati ya tramu na mabasi, atapitwa na mamia ya magari, na karibu yote yanaishia hapa jirani, Mölndal, Partille au Hisingen. Anayekwenda Oslo yumo humohumo, ila hana pa kuegesha wala muda wa kukutazama.

Nianze na sheria ili tusiirudie. Mtu wa miguu haruhusiwi kuwa ndani ya barabara kuu ya mwendo kasi, ambayo Waswidi huiita motorväg, na dereva naye haruhusiwi kusimama humo ili kupakia mtu. Mpaka wenyewe ni kibao cha kijani chenye mchoro mweupe wa barabara mbili zinazopita chini ya daraja. Ukisimama kabla ya kibao hicho, kwenye njia ya kupandia barabara kuu, huna kosa. Ukikipita, umeshavunja sheria. Waliotoka Tanzania, Kenya na Uganda wazingatie pia kwamba magari hapa hupita kulia, tangu Uswidi ilipohama kutoka kushoto tarehe 3 Septemba 1967, kwa hiyo ukifika mahali pa kusimama kwanza tazama magari yanatokea upande gani.

Chagua njia kabla ya kuchagua mahali. Barabara ya E6 kwenda kaskazini inakufikisha Oslo, yapata kilomita 290. E6 hiyohiyo kwenda kusini, ikiwa imeungana na E20, inakufikisha Malmö. Barabara ya 40 inaelekea mashariki, Borås hadi Jönköping. E45 inafuata mto kwenda Trollhättan na Karlstad. Kuhusu Stockholm, ramani itakuonyesha kwamba E20 inafika huko, na ni kweli, lakini madereva wengi wa Stockholm hupita barabara ya 40 hadi Jönköping, kisha hushika E4. Ukisimama kwenye E20 utapata zaidi watu wa Alingsås.

Naomba kila mmoja aeleze mahali anapopajua kwa kusimama mwenyewe, siyo alipopaona kwenye ramani tu.

Binti wa Bukoba

Asante kaka kwa mada. Mimi nazungumzia njia ya Oslo, ambayo ndiyo ninayoitumia.

Wengi hushauriwa kwenda Bäckebol, kwenye maduka makubwa ya Hisingen, kwa sababu yako karibu kabisa na E6 na basi la mjini linafika. Ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Magari yanayotoka pale yamejaa mbao za kabati na magodoro, na mwenye godoro nyuma ya gari anarudi nyumbani kwake, si Norwei. Mimi hupanda basi hadi Kungälv, umbali wa kilomita kama 20, nikashuka nikiwa nimeshauacha mji wote nyuma. Magari yanayoshika E6 kuanzia hapo kwenda kaskazini mengi ni ya Stenungsund, Uddevalla na Strömstad, na hayo yote yanafaa, kwa sababu hatua ya pili ya safari ni rahisi kuliko ya kwanza. Uddevalla kuna maduka ya Torp, kando kabisa ya barabara, na watu wa safari ndefu husimama pale kula na kuweka mafuta.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba E6 yote kati ya Göteborg na Oslo sasa ni motorväg. Kipande cha mwisho upande wa Uswidi, karibu na Tanum, kilifunguliwa mwaka 2015. Zamani ungeweza kushushwa popote katika barabara ya kawaida ukaendelea kuomba. Sasa ukishushwa kwenye makutano yasiyo na kitu, unaweza kukaa hapo mpaka jioni. Kwa hiyo dereva akikuambia anaishia kijiji fulani, mwombe akushushe kwenye kituo cha mafuta kilicho kabla ya kijiji chake, hata kama kwa kufanya hivyo unapoteza kilomita 15 za bure.

Kwa dada zangu: kituo cha mafuta ni bora kuliko njia ya kupandia kwa sababu pale wewe ndiye unayechagua. Unamwona mtu akiweka mafuta, unaona kama yuko na mke au watoto, unasikia anavyoongea na mhudumu. Mimi humsogelea akiwa amesimama nje ya gari, namsalimu, kisha nauliza kwa Kiswidi, "Ursäkta, kör du norrut?", yaani kama anaelekea kaskazini. Simwambii niendako mpaka aseme aendako yeye. Jibu lake nikiona lina kasoro, namwambia njia zetu ni tofauti, na hakuna aliyekosewa heshima. Kabla ya kupanda, namtumia mdogo wangu namba ya gari, na nafanya hivyo dereva akiona.

Dereva wa Borås

Nimefurahi kusoma ya dada hapo juu. Niongeze yanayoonekana kutoka upande wa usukani, kwani naendesha lori kati ya Borås na bandari ya Göteborg.

Anayeomba lifti huhesabu magari yanayompita, ilhali kinachomsaidia ni sekunde anazompa dereva. Gari likija kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Ukisimama mita 40 baada ya kona, dereva ana sekunde tatu tu za kukuona, kukusoma usoni, kuangalia kioo, kufikiria kama ana nafasi, na kuamua. Hawezi. Atakuonea huruma akiwa ameshakupita. Rudi nyuma hadi mahali ambapo anakuona tangu mbali, na mbele yako pawe na nafasi ya kuegesha bila kumzuia aliye nyuma yake. Kituo cha basi ambacho basi lenyewe haliji mara kwa mara kinafaa sana. Kwa lori nafasi hiyo ni ndefu kuliko mnavyodhani: lori na tela lake hapa Uswidi linaweza kufikia mita 25.25, na kwenye baadhi ya barabara hata zaidi, na hatuwezi kuliacha mkia wake barabarani kwa ajili ya mtu mmoja, hata tukitaka.

Wengi wetu waajiri wametukataza kupakia abiria, kwa sababu ya bima, na wenye ruhusa ni wachache. Lakini sheria za Ulaya zinatutaka tupumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, kwa hiyo kwenye maegesho makubwa ya malori utatukuta tumekaa. Mfuate aliye nje na kikombe cha kahawa mkononi. Ukiona mapazia ya kioo cha mbele yamefungwa, usigonge, mtu huyo amelala.

Kuhusu kibao chako, andika kwa maka peni nene, herufi chache, kwenye boksi lisilo na picha za biashara. Usiandike STOCKHOLM ukiwa Göteborg. Andika JÖNKÖPING, kwa sababu anayekwenda Jönköping akiona Stockholm anajitoa mwenyewe, na anayekwenda Stockholm akiona Jönköping anajua kwamba ni njia yake. Vua kofia na miwani ya jua ili uso uonekane.

Mzee wa Moss

Vijana, hamjambo. Mimi niko upande wa Norwei, nami nawaeleza mlango wa kurudi.

Kutoka Oslo kwenda kusini msisimame mjini. Pandeni treni ya Moss mshuke Vestby, ambako E6 iko karibu, au fikeni Moss yenyewe. Magari mengi mtakayoyapata yanakwenda Svinesund, kwa sababu Wanorwei huvuka mpaka kununua nyama, vinywaji na peremende upande wa Uswidi, ambako bei ni nafuu. Maduka ya Nordby yako hapo mara baada ya mpaka, na maegesho yake ni makubwa. Ila zingatieni mwelekeo: watu hao wakimaliza kununua hurudi Norwei wakiwa na gari limejaa. Kwa anayetoka Göteborg kwenda Oslo pale ni pazuri asubuhi, kabla watu hawajafanya manunuzi. Mchana hakuna kiti kisicho na katoni. Kwa anayekwenda kusini, tafuteni namba za Kiswidi, yaani herufi tatu zikifuatwa na tarakimu, au malori.

Kuna jambo jipya ambalo sioni vijana wakilitumia vya kutosha. Mwaka 2024, karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme. Mwenye gari la petroli anaweka mafuta kwa dakika tano akiwa na haraka, lakini mwenye gari la umeme anakaa kwenye chaja dakika 20 hadi 40 na hana la kufanya. Namba za Norwei za magari hayo utazitambua, nyingi huanza na EL, EK au EV. Mtu akiwa amesimama pembeni ya chaja anasoma simu, mnaweza kuongea kwa utulivu, akakufahamu kabla ya kuamua. Mimi mwenyewe nimeshawapakia wanafunzi wawili wa Kitanzania kwa namna hiyo, na tuliongea Kiswahili hadi Uddevalla.

Mwana wa Uvira, Malmö

Shikamoo Mzee, umesema kweli kuhusu chaja.

Njia ya kusini kutoka Göteborg ndiyo nyepesi. Panda treni ya abiria wa kila siku hadi mwisho wake, Kungsbacka, kilomita kama 28, ambako E6 inapita kando ya mji. Kållered, penye maduka makubwa, iko karibu zaidi, lakini ina tatizo lilelile la godoro alilolieleza dada.

Nawasihi wanaotaka kuendelea hadi Copenhagen wasiache karatasi nyumbani. Kadi ya ukaazi ya Uswidi inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka) kwa siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, lakini lazima uwe nayo mkononi pamoja na pasipoti, kwa sababu kunaweza kuwa na ukaguzi unapovuka daraja la Öresund. Usimweke dereva aliyekusaidia katika maswali na polisi. Nauli ya daraja hulipwa kwa gari, wala si kwa kichwa, hivyo humwongezei dereva gharama, na unaweza kumweleza hivyo akisita.

Mwanafunzi wa Chalmers

Nawashukuru wakubwa. Nataka kwenda Stockholm kwa Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ile Ijumaa ya mwezi wa sita. Je, niondoke lini, na kwenye barabara ya 40 nishukie wapi?

Mkazi wa Bergsjön

Mdogo wangu, sikukuu hiyo huangukia Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Alhamisi mchana barabara zinajaa, lakini magari mengi ni ya familia, na viti vya nyuma vina watoto, mbwa na mahema. Ijumaa ikishafika mchana barabara inakuwa tupu, kwani kila mtu ameshakaa mezani. Ondoka Jumatano, au Alhamisi asubuhi na mapema. Mwanga hautakusumbua, jua linazama baada ya saa nne usiku. Safari hiyohiyo mwezi Desemba nisingekushauri, kwa sababu kufikia saa kumi jioni giza limeshaingia.

Panda basi la Borås, usianzie Göteborg. Kuanzia Borås omba gari la Jönköping. Ukilipata, usikubali kushushwa mjini Jönköping, kwa sababu mji wenyewe umekaa kwenye ncha ya ziwa Vättern na magari ya mtaani yatakumeza. Muulize dereva kama anaendelea kidogo na E4 kwenda kaskazini. Akikubali, mwambie akushushe Brahehus, baada ya Gränna. Kuna mgahawa, kituo cha mafuta, na magofu ya ngome ya karne ya 17 yanayotazama ziwa, kwa hiyo wasafiri husimama hapo hata wasiohitaji mafuta. Anayetoka hapo akielekea kaskazini anakwenda Linköping, Norrköping au Stockholm. Akiishia mjini Jönköping, mwombe akuache kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya E4, uulize magari moja moja.

Chukua maji, mkate, koti la mvua na rifleta. Ukifika, rudi hapa utuambie nani alikupakia na ulisimama wapi.